Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wapo wasomi wanaoupima ukuu wa chuo kwa wingi wa matawi yake. Kwao, tawi likishapandwa mbali, elimu imefika. Hoja hiyo haisimami.

Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India, Madras, ilifungua kampasi huko Bweleo, Unguja, ya kwanza ya taasisi za jina hilo nje ya India. Visiwani watu walifurahi, na haki yao. Tangu kale elimu imesafiri kwa jahazi. Lakini umbali haupimwi kwa maji peke yake. Baina ya Morogoro na Kibaoni, Mpimbwe, mkoani Katavi, hakuna bahari. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa 1984, kilipoweka huko Kampasi ya Mizengo Pinda, kilikabiliwa na bahari ya aina nyingine, nayo ni lugha.

Katavi ni nchi ya miombo na asali. Mrina asali wa Mpanda anaujua mti uchanuao na msimu wake, na moshi utulizao nyuki bila kuwafukuza. Kampasini husomeshwa shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki, nalo ni jambo jema. Ila husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mwenye mzinga hawezi kuusoma utafiti ulioandikwa juu ya mzinga wake.

Watetezi wa hali hiyo husema Kiswahili hakina istilahi. Nta, sega, buu, chavua, mbochi: hayo ni nini? Sera ya Elimu ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mlango ukafunguliwa, vyuo vikabaki kizingitini. Kilichopungua si maneno, ni nia.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa zama za mkoloni ili kuyatoa madini ya risasi. Utafiti uchukuao maarifa ya warina asali usiwarejeshee neno hautofautiani na behewa lile.

Basi kila utafiti wa Katavi na uwe na muhtasari wa Kiswahili, usomwe mbele ya wafuga nyuki kabla haujapigwa muhuri. Waungwana walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kimekwisha kuja. Mwenyeji angali akingoja kupona.