KONA YA VIJANA: Kadi ya posho isitutenganishe

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hapa Nyarugusu tunaongea jambo linaloleta kelele katika nyumba nyingi: kijana kutaka kadi yake ya posho.

Kijana amevuka miaka 20, anasema, "Nimeshakuwa mtu mzima, nataka kujitegemea." Baba anajibu, "Kumbe umetuchoka?" Mama analia. Basi, salamu zinakatika.

Kwa nini jambo hili linauma hivi? Kule Fizi, kijana akitaka kuanza maisha, baba alimwonyesha sehemu ya shamba alime muhogo wake. Wazee walimwita lubungani wakamfundisha, na ndugu wakasaidia mahari. Kuondoka kwa mtoto kulipitia mikononi mwa baba. Hapa kambini, tangu ilipofunguliwa mwaka 1996, baba hana shamba la kugawa, na hata kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Cha kugawana imebaki kadi, nayo inagawanywa ofisini. Ndiyo maana mzazi anaona ameachwa pembeni.

Kijana naye tumsikilize. Wengi wetu tumezaliwa hapa hapa. Umemaliza sekondari, kazi hakuna, na bado unangoja mama akupakulie sahani. Ni aibu. Anayeomba kadi mara nyingi hawakimbii wazazi, anatafuta heshima.

Vijana, tusianzie ofisini. Tuanze na baba na mama, jioni, kabla majirani hawajajua. Tuseme sababu, tena tuseme msaada utakaoendelea: kuchota maji, kutafuta kuni, kubeba mzigo siku ya posho. Na kama majina yenu yako pamoja kwenye faili ya kwenda nchi ya tatu, nendeni pamoja mkaulize kwanza: tukitenganisha kadi, faili itakuwaje? Msije mkajuta baadaye.

Wazazi wetu, baraka haihitaji shamba. Mkalisheni kijana au binti yenu, mfundisheni kama mlivyofundishwa, mpeni neno zuri la kuondokea. Aliyetoka kwa baraka atarudi jioni kuwasalimu. Aliyetoka kwa ugomvi atapita njia nyingine, hata kama nyumba yake iko kijiji hiki hiki.

Mungu awalinde. Tuonane mwezi ujao.