Matatizo ya ulaji yawaandama waliopasuliwa kupunguza unene

UPASUAJI wa kupunguza tumbo umewafaa wengi waliokuwa wakiangamizwa na unene. Utafiti ulioanzishwa Uswidi mwaka wa 1987, uliowahusisha watu zaidi ya 4,000, ulibaini mnamo 2007 kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa.

Hilo halina ubishi. Yanayosemwa kwa kunong'ona ni masaibu yanayozuka baada ya jeraha kupona.

Katika aina moja ya upasuaji huo, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, siku hizi huachwa kifuko cha mililita 30 hivi, kisha kikaunganishwa na utumbo. Mgonjwa huagizwa ale kidogo, atafune sana na ajihadhari na sukari. Akila kwa haraka, chakula hukwama na huenda akatapika.

Kwa baadhi yao, kutapika huko hugeuka kutoka ajali hadi mazoea. Wengine huwa na hofu ya chakula hata wakiwa wamekonda kupita kiasi, ilhali waliokuwa walafi wa kisirisiri hudonoadonoa mchana kutwa bila kuweza kujizuia.

Ugumu ni kwamba maradhi haya hujificha nyuma ya pongezi. Aliyekuwa mnene mno anaweza kujinyima chakula hadi akaugua huku uzani wake ungali wa kawaida, na mizani ya kliniki ikasoma ushindi. Kutapika mara kwa mara kunaweza kumpunguzia vitamini B1, na upungufu huo huathiri ubongo.

Mwimbaji Mmarekani Carnie Wilson, ambaye upasuaji wake ulionyeshwa kwenye intaneti mwaka wa 1999, alikiri baadaye kuwa alitekwa na pombe. Alipasuliwa tena mwaka wa 2012. Mwaka huo huo, utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa waliokuwa na tatizo la pombe waliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake.

Wagonjwa wengi huhojiwa na mwanasaikolojia kabla ya kupasuliwa, wakati ambapo wana kila sababu ya kuficha ulafi wao wasije wakanyimwa nafasi. Miaka miwili baadaye, wanapohitaji kuulizwa wanakulaje, huulizwa tu wamepungua kilo ngapi.