Wenye kijiji juani, faili kivulini

KIGODA CHA PEMBENI
Na Bibi Ukaidi

Wiki hii nilikuwa Kibiti, kwenye kijiji ambacho jina lake nalihifadhi kwa sababu bado wananidai soda. Mkutano mkuu wa kijiji uliitwa saa nne, ukaanza saa sita. Hilo halikunikera, saa zetu nazijua.

Kilichonikera ni ofisi yao mpya. Bati jekundu, vigae sakafuni, nondo madirishani. Baraza lake linatosha meza moja yenye kitambaa cha samawati, chupa za maji na viti vya wakubwa. Sisi wengine tulichomwa na jua uwanjani, kina mama wamejitanda kanga hadi utosini. Mzee mmoja akataka kuuliza fedha za ushuru wa mkaa zimekwenda wapi. Ilibidi avuke uwanja mzima, asimame chini ya ngazi, ainue shingo kuwatazama. Swali alilokuja nalo kwa hasira likatoka kama ombi.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ndio mamlaka ya juu kijijini. Aliyechora ofisi ile hakuisoma. Kawajengea kivuli mhuri na faili.

Eneo hili la Rufiji limezoea kuchorewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Operesheni Rufiji ya serikali iliwatoa watu bondeni kwa hoja ya mafuriko, ikawapanga kwenye vijiji vya nyumba za mistari. Mstari humfurahisha anayehesabu watu. Mkulima wa mpunga alikuwa na dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu, maji yanapita chini, yeye juu anafukuza ndege. Msimu ulipofika wengi walirudi bondeni na kulala madunguni humo humo. Hakuna aliyewauliza kabla ya kuchora.

Shemeji yangu fundi anasema banda la mikutano la nguzo na makuti, wazi pande zote, ni nafuu kuliko vile vigae. Leo kwa mara ya kwanza namuunga mkono.

Mwenyekiti, mkutano unarudi baada ya miezi mitatu. Ishushe meza uwanjani, wazee wakae barazani, nawe utujibu ukiwa juani. Soda nitaleta.