Mgeni Njoo Mombo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimfikiria mgeni ajaye na baraka, ambaye kwa ajili yake kuku huchinjwa na watoto wa nyumbani nao wakapata mchuzi. Leo methali hiyo imepata maana nyingine katika mji wa Mombo, kwani wako wenyeji ambao kupona kwao, yaani kulipa deni la benki na mahitaji ya shule ya watoto, kunamngojea mgeni kwelikweli, na mgeni mwenyewe haji.

Tunawazungumzia wananchi walioanza kupangisha nyumba au vyumba vyao kwa siku moja, mbili, au wiki. Huyu ni mtumishi mstaafu aliyekifukia kiinua mgongo chake katika matofali na mabati. Yule ni mjane aliyeachiwa nyumba kubwa kuliko haja yake. Mwingine ni kijana aliyekodi nyumba ya mwenziwe na kuitangaza kwa simu katika mitandao ambako wasafiri wa dunia nzima hutafuta malazi. Wote wamenunua vitanda, vyandarua na shuka nyeupe. Wiki hupita, mwezi hupita, na funguo zinaning'inia msumarini.

Mwenyeji aliyekata tamaa hushawishika kufanya mambo mawili. Ama huteremsha bei hadi isiweze kulipia hata sabuni na umeme, ama huanza kusema uongo. Tunaandika leo kumwambia kwamba njia zote mbili zitampoteza, na kwamba iko ya tatu.

Kwanza tuiondoe methali moja inayotumiwa vibaya. Husemwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni ya kweli kwa kitu ambacho watu wamekwisha kukijua. Nyumba mpya hakuna aliyelala ndani yake, hakuna aliyeisifu wala kuilaumu, na msafiri aliye Dar es Salaam au Nairobi hana namna ya kujua kama godoro lake ni zuri. Mwenyeji anayekaa barazani akingoja uzuri wa nyumba yake ujitangaze atangoja sana.

Tujifunze kwa waliotangulia. Kampuni ya Airbnb, ambayo leo jina lake linajulikana karibu kila nchi, ilianza Oktoba 2007 katika mji wa San Francisco, Marekani. Vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walishindwa kodi ya nyumba. Siku hizo ulikuwapo mkutano mkubwa wa wasanifu na hoteli za mji zilikuwa zimejaa. Wakatandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni, wakapata wageni watatu. Hawakupata wageni hao kwa sababu sebule yao ilikuwa ya kifahari. Waliwapata kwa sababu waliiona shida iliyokuwapo siku ile mahali pale, wakaitosheleza.

Basi swali la kwanza la mwenyeji wa Mombo lisiwe, nitamvutaje mgeni? Liwe, ni nani anayepita hapa, na usiku unamkuta na shida gani?

Jibu liko mbele ya macho yetu. Mombo ni mlango. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilipita hapa kuelekea Moshi, na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha inapita hapa. Hapa ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Soni na Lushoto, inayopanda kwa makona makali hadi kwenye baridi ya Usambara. Anayekwenda huko kwa basi la barabara kuu hushuka Mombo na kutafuta gari lingine. Mfanyabiashara wa kabichi na matunda ya Lushoto hushukia hapa. Dereva wa lori hupumzika hapa. Ndugu wanaokuja kuzika au kuoza hufika hapa wakiwa kundi, na nyumba ya mwenye shughuli haiwatoshi.

Tena mwaka 2023 Serikali iliyaruhusu mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu miaka mingi. Msafiri anaweza sasa kushushwa Mombo saa nane za usiku akiwa na mtoto mgongoni na sanduku mkononi, na safari ya kupanda mlima ikawa haina budi kungoja alfajiri. Mwenyeji anayeandika katika tangazo lake kwamba hupokea wageni saa zote, na kwamba mtu wa kuaminika atakuja kumlaki mgeni kituoni, ameuza kitu ambacho hoteli nzuri iliyoko juu mlimani haiwezi kumwuzia msafiri huyo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la ukweli. Mtu akiandika kwamba nyumba yake imo katika milima ya Usambara yenye ubaridi, ilhali iko bondeni Mombo, huenda akampata mgeni huyo mara moja. Mgeni atafika, atatokwa jasho usiku kucha, na asubuhi ataandika maoni yatakayosomwa miaka mingi baadaye na watu asiowajua. Lakini mwenyeji akisema wazi kwamba Mombo ni joto, na kwamba kila chumba kina feni na chandarua kizima, maji yamo tangini hata bomba likikauka, na malori husikika kwa kuwa barabara iko karibu, msomaji atamwamini hata katika yale mazuri aliyoyataja. Wala asiwaombe jamaa zake wamwandikie sifa za uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo wa mtandaoni ni fupi zaidi.

Ukweli huo uonekane katika picha pia. Mwaka 2009 waasisi wale wa Airbnb waligundua kwamba nyumba zilizotangazwa New York zilikuwa na picha mbovu. Walikwenda wenyewe, wakagonga milango, wakazipiga upya, na mapato ya mji huo yakaongezeka maradufu. Mwenyeji wa Mombo hahitaji mpiga picha wa kukodi. Afungue madirisha asubuhi, atandike kitanda, apige chumba, choo, bafu na geti la kuingilia. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazitambuliki kwa namba wala jina la mtaa, aeleze njia tangu kituo cha mabasi, hatua kwa hatua.

Kuhusu bei, tufanye hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 30,000. Kampuni hiyo humwezesha mwenyeji mpya kupunguza asilimia 20 kwa wageni wake watatu wa kwanza. Kama kila mmoja atalala usiku mmoja, mwenyeji atakuwa ameacha shilingi 18,000 tu, na maoni ya watu watatu ndiyo yanayotosha kuifanya nyumba ianze kuonyeshwa wastani wa nyota zake. Lakini akiteremsha bei kuwa 15,000 kwa siku zote, kila usiku kumi anaacha 150,000, na jirani naye atateremsha, hadi mji mzima utakuwa unalaza wageni kwa hasara. Punguzo lenye mwisho ni mbegu. Bei ya kutupa ni kula mbegu yenyewe.

Tunaongeza neno moja: mgeni anapouliza, ajibiwe upesi. Msafiri aliye ndani ya basi hawezi kungoja hadi kesho. Na mwenyeji aliyekwisha kukubali asimwache mgeni kwa ajili ya mwingine anayetoa zaidi.

Sheria nayo iheshimiwe. Leseni, namba ya mlipakodi na daftari la wageni si adui wa biashara. Mgeni anayeona jina lake likiandikwa kwa utaratibu, na mwenyekiti wa kitongoji akijua kwamba yupo, hulala salama zaidi. Kwa upande wao, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Mamlaka ya Mji Mdogo wa Mombo zisiwakumbuke wananchi hawa siku ya kudai ushuru tu. Taa kuzunguka kituo cha mabasi, vibao vya majina ya mitaa, na maelezo mepesi ya taratibu zinazotakiwa, yangewasaidia kuliko hotuba nyingi. Mwanamke anayeshuka usiku hataweka nafasi mahali ambapo njia ya kufikia ni giza tupu, hata bei ikiwa nusu.

Mwisho, wenyeji wenyewe wasionane kama mafahali katika zizi moja. Aliyejaza vyumba ampeleke mgeni wa ziada kwa jirani ambaye usafi wake anaujua. Msafiri akidanganywa katika nyumba moja, hataji nyumba hiyo peke yake. Husema, Mombo ndivyo walivyo. Na akitendewa haki, husema hivyo hivyo.

Mstaafu wetu hawezi kukibomoa kiinua mgongo chake kutoka ukutani akaanza upya. Ndiyo maana mgeni wake wa kwanza apokewe kwa ukweli, ili wa pili apate sababu ya kuja.