Wazazi wa Lushoto, Tuingie Skauti Pamoja na Watoto Wetu

Ndugu wazazi wa Lushoto, Soni, Mlalo, Mtae na vijiji vyote vya milima yetu ya Usambara, nina neno nanyi juu ya watoto wetu wa shule za msingi. Wengi wetu tukisikia skauti tunakumbuka skafu shingoni, gwaride la sikukuu ya taifa na vijana waliojipanga kumlaki mgeni. Mgeni akishaondoka, sare hufuliwa na kurudishwa sandukuni kungoja sherehe nyingine. Kama skauti ni hiyo tu, sina haja ya kumshawishi mtu. Ninayoitetea ni ile ya wadogo, makabu, ambayo mtoto huingia akiwa madarasa ya chini, na ambayo haisimami vizuri bila baba na mama.

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka vijana kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, watoto wadogo hawakuwamo katika hesabu yake. Wao wenyewe ndio waliong'ang'ania kuwafuata kaka zao, hata mwaka 1916 wakaanzishiwa mpango wao. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuipokea skauti, na Tanganyika ikafuata mwaka 1917. Mwanzilishi huyo alifia hapa kwa jirani zetu, Nyeri nchini Kenya, mwaka 1941. Kwenye kaburi lake imechongwa duara yenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti yenye maana kwamba nimekwenda nyumbani. Alama za namna hiyo mtoto huzipanga kwa mawe na vijiti ili wenzake walio nyuma wasipotee. Anayejua jinsi ukungu wa Magamba unavyoweza kuifunga njia mchana kweupe hawezi kuziita mchezo.

Mzazi mmoja aliniuliza: watoto wetu wanateka maji, wanakata majani ya ng'ombe, wanapanda na kushuka milima tangu wadogo, skauti itawaongezea nini? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtoto anayetumwa kila siku hujifunza kutii, lakini hajifunzi kuamua. Akitumwa kuni huleta kuni. Je, akiwa peke yake na mdogo wake, na uji wa moto ukammwagikia mdogo mkononi, atafanya nini? Wengi watakimbilia kupaka dawa ya meno, kwa kuwa ndivyo walivyoona. Kabu aliyefundishwa atamwagia maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika ishirini, huku akiita mtu mzima. Au chukueni kipupwe chetu cha Juni na Julai, baridi inapotuingia mifupani na jiko la mkaa likaingizwa chumbani, mlango ukafungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na imewaua watu usingizini. Mtoto wa miaka tisa anayelijua hilo, na aliyezoezwa kusema bila woga, anaweza kuiokoa nyumba nzima. Lakini atasema mbele ya nani, ikiwa baba hajawahi kumwona akifundishwa na humwona bado mtoto tu?

Hapo ndipo penye shina la hoja yangu. Tukimwachia mwalimu mlezi kazi yote, mwalimu huyohuyo mwenye darasa lililofurika, tutarudi kulekule kwenye gwaride. Na sisi wazazi tunayo ya kufundisha. Tazama fundo la kwanza la skauti: ncha ya kulia juu ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya kulia, vuta, likikaa sawa hulala bapa, na hufaa kwa bendeji. Mama afungaye tita la kuni na baba akazaye turubai juu ya lori la kabichi linaloteremka Mombo wana mafundo yao, ambayo hayamo katika kitabu chochote. Wayalete. Mtoto akimwona baba yake amesimama mbele ya watoto ishirini, kamba mkononi, anaeleza, na yeye atajivunia asili yake.

Nasisitiza pia kwamba liwe jambo la hiari. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa milima hii kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na faini. Udongo ulihitaji kulindwa kweli, lakini watu waliyachukia matuta, wakayapinga mpaka mpango ukaachwa. Kwa hiyo walimu wasiorodheshe majina ya watoto kwa fimbo, wala mtoto asifukuzwe kwa kukosa sare. Skafu inaweza kusubiri mavuno ya viazi.

Ahadi ya skauti humtaja Mungu bila kumchagulia mtu dini, hivyo msikiti na kanisa havina sababu ya kugombana hapa. Wasichana nao waje, kwani mlima hauulizi jinsia ya anayeteleza. Na kwa usalama wa wote, mtoto asiachwe faraghani na mtu mzima mmoja, hata awe nani. Wazazi wakiwapo, ulinzi huo unapatikana bila gharama.

Shule zikifunguliwa, nenda kamuulize mwalimu mkuu kama kikundi cha makabu kipo na nani mlezi wake. Kama hakipo, kusanyikeni wazazi watano au sita, mumwone kamishna wa skauti wa wilaya. Jumamosi ya kwanza msitafute uwanja wa kupiga kwata. Tembeeni mpaka Irente, au mlima ulio karibu nanyi, na viazi vya kuchemsha, maji ya kunywa na kamba. Mzazi aliyebanwa na gulio amtume babu, shangazi au kaka mkubwa, mtoto asije peke yake.