Mizani na Macho ya Watu



Katika vijiji na mitaa yetu, macho ndiyo mizani ya kwanza. Mtu akinenepa tunasema ameona raha. Akikonda tunaulizana kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani umemwingia. Hukumu hiyo hutolewa mlangoni mwa kanisa, sokoni na kisimani, wala hakuna anayeuliza mwili huo umetoka wapi na unaelekea wapi. Sisi tunaona kwamba macho ya namna hiyo yanadhuru watu. Mwili unaopona huhitaji lengo la uzito lililowekwa kwa kutazama hali yake wenyewe, na huhitaji jamaa na jirani wanaoliheshimu lengo hilo.

Tuanze na Kalembe, kwa kuwa huko jambo hili ni la uhai na kifo. Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, kwenye njia itokayo Mweso kwenda Pinga. Mwezi Oktoba 2024 mapigano yalifika Kalembe kwenyewe, na watu wakakimbia. Familia inayokimbia huacha muhogo ardhini na maharage yasiyovunwa. Ikirudi huweza kukuta yamevunwa na wengine au yameoza. Wa kwanza kuionyesha njaa hiyo ni mtoto mdogo. Hukonda hadi mbavu zake zikahesabika, au huvimba miguu na uso, ule ugonjwa ambao Kivu tangu zamani huuita bwaki. Bukavu ilianzishwa hata kamati iliyobeba jina hilo, Comité Anti-Bwaki.

Mama anayemfikisha mtoto wa namna hiyo kwa waganga hutamani jambo moja tu: mwanawe anenepe upesi. Tamaa hiyo imezaliwa na upendo, lakini mwili una sheria zake. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu umepunguza kazi ya moyo, figo na ini. Ukijazwa chakula kingi kwa ghafula, madini ya damu huvurugika, na mtoto aweza kufa akiwa ameshiba. Kwa sababu hiyo mtoto aliye mahututi huanzishiwa maziwa mepesi ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, naye hunyweshwa kidogo kidogo, mchana na usiku. Siku hizo za kwanza hakuna anayetafuta kilo. Linalotafutwa ni mtoto aamke kesho akiwa hai. Mwenye bwaki hata hupungua uzito anapoanza kupata nafuu, kwa kuwa maji yaliyomvimbisha yanatoka mwilini. Jirani akichungulia atasema, "Huyu wanammaliza." Kumbe huo ndio mwanzo wa kupona.

Hamu ya kula ikirudi, chakula huongezwa. Mtoto hupewa maziwa ya F-100 yenye nguvu zaidi, au ile siagi ya karanga ya tiba, iliyochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mtoto asiye na ugonjwa mwingine mkali, na ambaye bado ana hamu ya kula, huweza kutibiwa nyumbani kwa pakiti hizo huku akirudishwa kituoni kupimwa.

Je, lengo lake ni lipi? Limeandikwa, na linapimika. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya milimita 115 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Huruhusiwa kumaliza tiba mkono wake unapofikia milimita 125, au uzito wake unapolingana na urefu wake kwa kiwango kilichowekwa, tena bila uvimbe, katika vipimo viwili vinavyofuatana. Viwango hivyo vya ukuaji vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Tazameni hekima iliyomo: mtoto hulinganishwa na urefu wake mwenyewe. Aliye mfupi hadaiwi kilo za aliye mrefu, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima afanane na mtoto wa jirani.

Sasa tuutazame upande wa pili wa mizani, maana sheria ni ileile. Wengi wenu mna jamaa walio Nairobi, Ulaya au Marekani, na mmesikia habari za watu wanaopasuliwa tumbo ili wapunguze unene. Daktari hupunguza ukubwa wa tumbo la chakula, au huunda kifuko kidogo juu yake na kukiunganisha na utumbo. Wengi huingia katika upasuaji huo wakiwa na picha moja kichwani: mwili wa ujana wao, au mwili wa mtu wanayemwonea wivu. Uchunguzi ulioanza Uswidi mwaka 1987 uliwafuata watu wapatao 4,000 wenye unene mkubwa, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Wale waliounganishwa utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Baada ya miaka 10 upungufu uliobaki ulikuwa asilimia 25.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye kilo 120 angeshuka hadi karibu kilo 82, kisha baada ya miaka 10 angekuwa na kilo 90. Ikiwa alijiwekea lengo la kilo 60, ataishi akijiona ameshindwa, na watu watamwambia kwamba fedha zake zimepotea. Lakini mtu huyo amepunguza kilo 30. Huenda kisukari chake kimetulia, shinikizo la damu limeshuka, na magoti yanampandisha ngazi. Kilo chache zilizorudi zilitarajiwa tangu mwanzo, kwa kuwa mwili hujitetea. Aliyeambiwa ukweli huo mapema hatakata tamaa zinaporudi, wala hataacha kula kwa utaratibu na kurudi kwa daktari wake.

Huenda mmoja wenu akauliza kama ni haki kumtaja mtu aliyeshiba kupita kiasi pembeni ya mtoto wa Kalembe. Swali hilo ni zito. Mateso yao hayalingani, na hatutaki kuyalinganisha. Tunachosema ni kwamba wote wawili wanahukumiwa kwa macho na watu wasiojua walikotoka. Wote wawili waweza kudhurika kwa haraka ya wengine, na wote wawili wanahitaji lengo linaloanzia pale walipo.

Hata hivyo, lengo la kiasi lisigeuzwe kisingizio cha kuridhika na uovu. Mtoto aliyefikia milimita 125 amepona utapiamlo wake, lakini anarudi katika nyumba ileile, ambayo mama yake bado anaogopa kwenda shambani. Milimita hizo ni kazi ya waganga, nao wameitimiza. Usalama wa shamba ni deni la wenye silaha na la wanaotawala, na deni hilo hatuna ruhusa ya kulipunguza hata kidogo. Mwili udaiwe kwa upole. Haki idaiwe yote.

Nanyi vijana, mna sehemu yenu, wala haihitaji fedha. Kwanza, acheni kusalimiana kwa kilo. Maneno kama "umekwisha sana" au "umejaza" yanayotamkwa kwa mzaha baada ya Misa huchoma moyo wa mtu aliyetoka kupigana na maradhi yake. Pili, mama anaporudi kituoni kumpimisha mtoto, msindikizeni, au mbakie na watoto wengine nyumbani. Njia ni ndefu, na siku moja iliyokosekana huchelewesha kupona. Tatu, semeni wazi katika jumuiya kwamba pakiti ya karanga ni dawa ya yule aliyeandikiwa. Tunajua nyumbani kuna ndugu wengine wenye njaa, na ni vigumu kuwanyima. Ndiyo maana chakula cha hao wengine ni wajibu wa jumuiya yote, kila aliye na kikombe cha unga au maharage akileta.

Mtoto akirudi kutoka kituoni akiwa ameongezeka gramu chache tu, mama yake asikutane na nyuso za mashaka. Muulizeni daktari alimwekea lengo gani, na kama amelikaribia, furahini pamoja naye.