Kabla ya kununua begi la safari, uliza mgongo wako

Vijana wa Nairobi tuna kasumba moja. Kiatu tutakijaribu, tutatembea nacho dukani huku na huko, tutauliza kama kuna saizi nyingine. Begi la mgongoni je? Tunaangalia rangi, tunalivaa likiwa tupu, tunajipiga picha moja mbele ya kioo, tunalipa kwa M-Pesa na kuondoka. Kisha wikendi ya Madaraka ikifika tunalijaza hadi zipu inalia, na kufikia Jumapili mabega yanawaka moto.

Ukweli usemwe: kila begi ni tamu likiwa tupu.

Chukua safari ambayo wengi wetu tunaiota, Nairobi hadi Lamu bila ndege. Unaanza na matatu hadi stesheni ya SGR kule Syokimau, ambapo begi utaliweka chini kwenye mstari mbwa wa polisi walinuse, kisha lipite kwenye mashine. Ukishuka Miritini kuna matatu au tuktuk ya kukufikisha mjini Mombasa. Halafu basi la kwenda Mokowe kupitia Malindi, Garsen na Witu, na njiani askari watawashusha mkaguliwe vitambulisho. Mwisho ni boti. Ukifika gatini Lamu usitafute teksi. Vichochoro vile ni vya watu na punda, na sanduku la magurudumu hapo litakutesa. Mzigo wote ni wa mgongo wako.

Sasa, begi gani litavumilia hayo yote? Mimi ningeanza na kitu ambacho watu wengi hukikata au kukificha, eti kinawafanya waonekane watalii: mkanda wa kiunoni. Uzito haufai kuning'inia mabegani. Ukiufunga mkanda ule juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya mzigo inahamia huko, na miguu, yenye misuli mikubwa kuliko mabega, ndiyo inayofanya kazi. Lakini uwe mkanda mpana wenye sponji. Ule mwembamba kama utepe unazuia begi lisiyumbe tu, haubebi kitu.

Halafu urefu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo. Kuna mfupa umejitokeza. Kutoka hapo hadi usawa wa ncha za nyonga ndio urefu wa mgongo wako, na haufuati kimo. Wewe na beste yako mnaweza kuwa na kimo kimoja lakini begi linalomkaa yeye vizuri likakugonga wewe makalioni. Ndiyo maana kununua begi mtandaoni kwa sababu fulani alilisifu ni kama kuazima miwani ya mtu.

Ukubwa nao unatuponza. Begi kubwa hujazwa, hiyo ni sheria. Kwa safari ya siku nne, hata wiki, lita 30 hadi 40 zinatosha kama uko tayari kufua shati. Lita 65 ni za mtu anayebeba hema na sufuria kupanda Mlima Kenya. Ukiingia nalo kwenye matatu ya abiria 14 kwenda Diani, kondakta atakuambia ulipie kiti cha pili au lifungwe kwenye keria, na vitu vya keria tunajua mambo yake. Wapanda milima wana kipimo chao: mzigo usizidi takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 60, basi, asipite kilo 12.

Kuhusu mpangilio, mifuko mingi isikudanganye. Begi lenye mifuko 15 litakufanya utafute chaja kwa dakika 15. Unahitaji mfuko mmoja uliofichika upande unaogusa mgongo, wa kitambulisho na pesa, ili askari akisema "kitambulisho" usianze kumwaga soksi barabarani. Mfuko wa nje uwe wa chupa ya maji na leso, si simu. Na kama unaweza, chagua begi linalofunguka kama sanduku, si la kufungulia juu pekee, maana kitu unachokitaka huwa kiko chini kabisa. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati. Vikiwa mbali vinakuvuta nyuma.

Kuna jambo hapa ambalo si la starehe. Wengi wetu tunafanya kazi za mtandaoni, na hiyo laptopu ndiyo ofisi yenyewe. Mkanda ukikatika kwenye ngazi za stesheni, kioo kikapasuka, hiyo ni kodi ya nyumba imeenda. Mimi nimewahi kuunga mkanda kwa kamba ya kiatu, na sikuwa na kicheko siku hiyo. Kwa hivyo angalia pale mkanda unaposhonwa kwenye begi: ukiona mshono mmoja tu, liache. Angalia pia kama mfuko wa laptopu umeinuliwa, usiguse sakafu ya begi, kwa sababu begi hutupwa chini mara kumi kwa siku.

Je, mitumba? Naam, na bila aibu. Begi la Gikomba lililoshabeba mizigo ya mtu mwingine na bado limeshikilia ni afadhali kuliko jipya la bei rahisi lenye nembo ya kughushi. Vuta zipu zote, bonyeza sponji uone kama inarudi, na chungulia ndani: kitambaa kikiwa kinanata au kubanduka, maji yataingia.

Kabla ya kwenda kununua, pitia supamaketi uchukue pakiti nne za unga za kilo mbili. Nyumbani zitapikwa tu. Zitie ndani ya begi, funga mikanda yote, kisha tembea, panda ngazi, inama kana kwamba unaingia matatu. Jipe dakika kumi. Muuzaji akinuna, jirani yake pia anauza mabegi.